Ada ya ukinyozi: Tusitie dole gumba gizani

Ndugu msikilizaji, iko methali ambayo kila mmoja wetu aliisikia kabla hajaota ndevu: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Aghalabu tunaitumia kuwaonya watu juu ya balaa linalokuja. Wiki hii nataka tumtazame yule anayeshika mashine. Je, yeye alifundishwa na nani, na ada yake ililipwa na nani?

Mwezi uliopita nilikuwa safarini kutoka Mbeya kwenda Tunduma kwa shughuli za ukoo. Wanaoijua barabara ile wanajua kwamba ukishaipita Songwe penye kiwanda cha saruji, ukamalizana na mlima wa Senjele, unaingia Nanyala, katika Wilaya ya Mbozi. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo hupita hapo usiku na mchana. Basi letu likapata pancha. Utingo akasema tupumzike nusu saa, na sisi wasafiri wazoefu tunajua kuwa nusu saa ya utingo ni saa nzima. Nikaona kibanda cha mabati kilichoandikwa kwa rangi ya bluu "Saluni ya Kiume". Nikaingia kunyolewa.

"Shikamoo mzee," akanipokea kijana wa miaka kama ishirini.

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu kiti."

Nilipoanza kuzungumza na mzee mwingine aliyekuwa akisubiri zamu yake, yule kijana akazima mashine. "Mzee, samahani, wewe si ndiye yule wa redio? Sauti yako naijua." Nikakiri kosa. Basi akafungua saraka, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaniomba niisome. "Mama anatakiwa kuweka dole gumba Jumatatu," alisema. "Mimi nimeielewa nusu tu."

Ile karatasi ndiyo mada yetu ya leo. Ulikuwa mkataba wa chuo kimoja cha mjini, ambacho sitakitaja jina. Kijana amekuwa akinyoa kwa miaka mitatu, kazi aliyoipata kwa kuchungulia, yaani kwa kusimama nyuma ya fundi na kutazama mikono yake. Sasa anataka kusomea kazi yake ili apate cheti, na chuo kimemwambia asiwe na wasiwasi wa ada kwa kuwa atalipa kidogo kidogo.

Wapo watakaouliza, hivi kunyoa nako kunasomewa? Ndugu zangu, kunasomewa. Ngozi ya kichwa inabeba magonjwa. Mapunye huhama kutoka kichwa kimoja kwenda kingine kwa njia ya mashine na kitana ambavyo havikusafishwa. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kubaki hai nje ya mwili, juu ya kifaa kilichoguswa na damu, kwa muda usiopungua siku saba. Kinyozi aliyefundishwa anajua namna ya kutakasa mashine na muda unaohitajika, anajua kwamba wembe ni wa mteja mmoja, na anajua kwa nini kidevu fulani hutoka vipele kila kinaponyolewa. Kule Uingereza vinyozi na wapasuaji waliwekwa pamoja katika chama kimoja mwaka 1540, wakatenganishwa mwaka 1745. Kwa miaka zaidi ya mia mbili, kunyoa na kupasua zilihesabiwa kuwa kazi za jamaa moja, kwa sababu zote mbili zinashika chuma chenye makali juu ya ngozi ya binadamu.

Kwa hiyo kijana wa Nanyala hakukosea kutaka kusoma. Swali lilikuwa juu ya malipo, na hapo nikamwomba kalamu.

Mkataba ulisema hivi. Anayelipa ada yote kwa mkupuo atatoa shilingi 600,000 kwa kozi ya miezi sita. Anayelipa kwa awamu atatoa kianzio cha 150,000, kisha 95,000 kila mwezi kwa miezi sita. Tukapiga hesabu mgongoni mwa karatasi. Mara sita tisini na tano elfu ni 570,000. Ongeza kianzio, unapata 720,000. Maana yake ni kwamba anayelipa polepole anatozwa 120,000 zaidi ya yule mwenye pesa mkononi.

Hapa lazima tuelewane, kwa sababu watu wengi hupotea hapa. Kulipa kwa awamu kuko kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kugawa ada ileile mafungu mafungu bila kuongeza senti. Huo ni msaada wa kweli, na vyuo vingi vya heshima hufanya hivyo. Namna ya pili ni mkopo uliovishwa joho la wanafunzi. Kijana huyu, baada ya kutoa kianzio, anabaki na ada ya 450,000, na kwa kusubiriwa miezi sita anatozwa 120,000. Kila shilingi mia anayosubiriwa anairudisha ikiwa karibu na mia na ishirini na saba. Tena usisahau kwamba deni hilo linapungua kila mwezi, lakini nyongeza imepigwa juu ya deni zima la mwanzo. Sisemi ni dhambi. Nasema yule anayetia sahihi ajue kuwa anakopa.

Kisha nikamuuliza juu ya mapato yake. Akasema siku njema ananyoa vichwa kumi na viwili kwa shilingi elfu moja kila kichwa. Mwenye saluni anachukua hesabu ya 6,000. Chakula 2,500. Inabaki 3,500. Kwa siku ishirini na sita za kazi, ndugu msikilizaji, hiyo ni 91,000 kwa mwezi, na marejesho ni 95,000.

"Inapungua elfu nne tu mzee," akasema kwa matumaini, "hiyo nitaihangaikia."

Nikamwuliza, "Masomo ni saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi hadi saa nane, Jumatatu mpaka Ijumaa. Kulekule mjini."

"Na vichwa hivyo kumi na viwili, utavinyoa saa ngapi?"

Akanyamaza. Yule mzee aliyekuwa akisubiri akaguna. Mpango mzima ulikuwa umejengwa juu ya kipato ambacho masomo yenyewe yangekifuta. Nauli ya kila siku haikuwemo. Wala haikuwemo mashine, mkasi na koti jeupe, ambavyo mkataba ulisema mwanafunzi atajinunulia. Ni nani basi angelipa? Jibu lilikuwa katika mstari wa mwisho, kwa herufi ndogo: mdhamini atawajibika kwa mali zake. Mdhamini ni mama, na mali yake ni robo tatu ya eka ya mibuni.

Nitawaeleza kwa nini jambo hili liliniuma. Stashahada yangu ya uandishi wa habari ililipiwa na upatu wa marehemu mama yangu mdogo. Wenzake kumi na mmoja walimpa zamu ya kwanza, naye akalipa mwaka mzima kwa kuuza vitumbua. Najua kusomeshwa na jasho la mtu asiyejua kusoma. Hali kadhalika najua upande wa pili. Mtoto wa dada yangu alisomea umeme wa magari katika chuo kimoja, akafaulu, ikabaki 80,000 ya awamu ya mwisho. Cheti chake kikazuiwa. Kila mwezi wa kuchelewa ukaongezewa faini, mpaka faini ikalizidi deni. Alikosa kazi mbili akiwa fundi kamili asiye na karatasi. Karatasi ile tulikuja kuikomboa baada ya miaka mitatu. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Sasa tuje kwenye misaada iliyopo, maana sikutaka kumvunja moyo kijana kisha nikapanda basi.

Watu wengi wakisikia mkopo wa masomo wanafikiria Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi ile iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na kama jina lake linavyosema, ilikusudiwa elimu ya juu. Katika miaka ya karibuni imefungua mlango kwa baadhi ya kozi za stashahada, lakini kijana anayetaka kozi fupi ya ukinyozi asipoteze nauli kwenda kuigongea. Wenzetu wa Kenya wamekwenda mbali kidogo: bodi yao, HELB, iliyoanzishwa mwaka 1995, huwakopesha pia wanafunzi wa vyuo vya ufundi. Hilo ni jambo la kuwakumbusha wabunge wetu.

Sisi tunacho kitu kingine, nacho ni VETA. Mamlaka hii ilianzishwa kwa Sheria Namba 1 ya mwaka 1994. Sehemu ya gharama zake hutokana na tozo ya kuendeleza ufundi stadi ambayo waajiri hulipa kutokana na mishahara ya wafanyakazi wao. Tozo hiyo iliwahi kuwa asilimia sita, ikawa inapunguzwa, na Julai 2023 ikashushwa hadi asilimia tatu na nusu. Kwa kuwa tozo hiyo na Serikali hubeba mzigo mkubwa, kwa miaka mingi ada ya kozi ndefu katika vyuo vya VETA yenyewe imekuwa 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Yako mahitaji mengine ya kununua, na kozi fupi zina bei zake tofauti. Hata hivyo, linganisha 60,000 ya mwaka na 720,000 ya miezi sita. Huo ndio ufadhili mkubwa kuliko wote, ila hauitwi ufadhili, ndiyo maana watu wanaupita wakitafuta ufadhili.

Ugumu wake ni kwamba nafasi ni chache na si kila chuo kina fani ya nywele na urembo. Inabidi kwenda kuuliza mapema, kabla ya muda wa kuchukua fomu, na kwa mtu wa Nanyala chuo kilichozoeleka ni kile cha Mbeya. Viko pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa tangu mwaka 1975, ambavyo ada zake ni za kiserikali. Nauli ya kwenda kuuliza si hasara hata kidogo.

Kwa huyu wetu ambaye tayari ni fundi, uko mlango mwingine ambao hakuwahi kuusikia: urasimishaji wa ujuzi. VETA ina utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza kazi mtaani. Wapimaji hutazama anachokiweza, humwonyesha mapengo yake, hufundishwa yale yaliyopungua, kisha akifuzu hupewa cheti. Serikali imekuwa ikigharamia maelfu ya vijana katika utaratibu huo, na wengine katika mafunzo ya uanagenzi, kwa awamu zinazotangazwa. Si kila fani huwamo katika kila awamu, kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza ni hili: safari hii fani yangu imo? Ikiwamo, mtu aliyenyoa miaka mitatu hana sababu ya kulipa miezi sita ya kufundishwa namna ya kushika mashine.

Sasa iko mikopo ya halmashauri. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya malalamiko mengi ya fedha kupotea kwa vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Lakini sikilizeni vizuri: fedha hizi ni za mtaji na wala hazilipi ada. Vijana wenye ujuzi wakiunda kikundi wanaweza kuomba viti, mashine, vioo na jenereta. Kwa hiyo mpangilio mzuri ni kusoma kwa njia ya bei ndogo, kisha kutafuta mtaji kwa njia hii. Anayechukua fedha ya mtaji akaipeleka kwenye ada atadaiwa marejesho kabla hajafungua saluni.

Ada inaweza kupatikana VICOBA. Mtindo huu wa kuweka na kukopa vijijini ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukaenea Afrika nzima. Wanachama hununua hisa kila wiki, fedha hukaa katika sanduku la kufuli zaidi ya moja, na funguo hushikwa na watu tofauti. Mwanachama hukopa, mara nyingi hadi mara tatu ya hisa zake, na riba anayolipa hurudi kwake na kwa wenzake siku ya kuvunja mzunguko. Uzuri wake hauko kwenye fedha peke yake. Wale wanaokukopesha wanakufahamu, wanajua shamba lako liko wapi na wanajua kahawa inavunwa lini. Tena tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi vinatambuliwa na vinatakiwa kuandikishwa.

Kinyume chake ni ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameibatiza jina la kausha damu. Haitaki maneno mengi, inataka kitambulisho chako na kadi ya benki, au godoro lako. Mtu asithubutu kulipa ada kwa fedha ya kausha damu. Elimu huanza kulipa baada ya miezi, bali kausha damu huanza kudai baada ya wiki.

Uko pia msaada wa mwenye saluni. Tajiri anasema, nitakulipia ada, ukimaliza utanifanyia kazi mwaka mmoja. Huo ni mpango wa zamani kama ufundi wenyewe, nao unaweza kuwa mwema. Ila uandikwe. Mwaka unaanza lini? Hesabu ya kila siku itakuwa kiasi gani katika mwaka huo? Ukiugua, au tajiri akifunga saluni, deni linakwendaje? Bila maandishi, mwaka mmoja huzaa miaka mitatu.

Ndugu msikilizaji, tusidhani matatizo haya ni ya watu maskini pekee. Shule ya kwanza ya vinyozi nchini Marekani ilifunguliwa na A. B. Moler mjini Chicago mwaka 1893, na mwaka 1897 jimbo la Minnesota likawa la kwanza kuwadai vinyozi leseni. Leo majimbo mengi ya huko humtaka mwanafunzi atimize saa elfu moja au zaidi darasani, na serikali yao hutoa ruzuku na mikopo kwa wanaosoma katika shule zilizoidhinishwa. Lakini sikieni yaliyotokea. Shule za urembo zilizoitwa Marinello zilifungwa mwaka 2016 baada ya serikali kukata fedha zake. Ilipofika mwaka 2022, wizara yao ya elimu ilifuta madeni ya wanafunzi wapatao 28,000 wa shule hizo, jumla ya dola milioni 238. Wizara ilieleza kwamba wanafunzi waliachwa bila walimu kwa wiki au miezi, na wengine hawakufundishwa hata kukata nywele. Walikuwa wamekopa ili wajifunze kukata nywele! Walikombolewa kwa sababu nchi yao ilikuwa na daftari la nani alikopa kiasi gani na kwa chuo gani. Mama wa Nanyala anayeweka dole gumba peke yake hana wizara nyuma yake. Kinga yake ni maswali anayouliza kabla.

Maswali yenyewe nilimwandikia kijana nyuma ya tiketi yangu ya basi, nami nayarudia hapa ili kila mzazi ayakate na kuyaweka.

La kwanza, chuo kimesajiliwa? Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, usajili na usimamizi wa vyuo vya ufundi stadi uko chini ya baraza la NACTVET. Usiridhike na cheti kilichoning'inizwa ukutani, kwani hata picha ya simba huning'inizwa ukutani na simba hayumo. Andika namba ya usajili, kaulize ofisi husika, na uulize kama kozi hiyo hasa imo katika usajili huo.

La pili, bei nzima ni ngapi? Si ya mwezi, nzima: ada, fomu, mtihani, sare, vifaa, nauli. Mtu akikataa kukuandikia jumla, ameshakujibu.

La tatu, tofauti ya mkupuo na awamu ni kiasi gani? Toa moja katika nyingine. Kinachobaki ndiyo gharama ya kukopeshwa.

La nne, nikichelewa nini hutokea? Faini ina kikomo au inakua kama kibuyu? Nitafukuzwa darasani? Cheti kitazuiwa?

La tano, nikiacha katikati kwa ugonjwa au msiba, narudishiwa nini? Na chuo kikifungwa je?

La sita, nani anatia sahihi? Kisheria mtu aliye chini ya miaka kumi na minane hawezi kufunga mkataba, ndiyo maana vyuo hutafuta mzazi. Mzazi akiwekwa mdhamini, asomewe kila mstari kwa lugha anayoielewa, na mtu asiye wa chuo ndiye amsomee. Tena kila senti inayotoka irudi na risiti.

La saba, na hili wengi hawathubutu kuliuliza: awamu zinaweza kufuata msimu wangu? Mkulima wa Mbozi hapati fedha kila tarehe moja. Anapata kahawa inapouzwa, kuanzia katikati ya mwaka. Kinyozi naye hufuata mkondo huohuo, kwani watu wakiwa na fedha hunyoa kila wiki, na njaa ikiingia hufuga. Kumdai mtu huyo kiasi kilekile Februari na Agosti ni kumtega. Chuo kinachotaka kulipwa kweli kitakubali kianzio kidogo wakati wa masika na fungu kubwa wakati wa mavuno. Kinachokataa kata kata, huenda kinategemea zile faini.

Yule mzee aliyekuwa akisubiri zamu akauliza swali la busara. "Sasa mwandishi, mtoto asipotia sahihi, atabaki hivihivi? Maana wenzake wanakwenda." Ni swali la haki. Kusubiri nako kuna bei. Mwaka mmoja bila cheti ni mwaka wa kukosa ajira katika saluni kubwa za Mbeya na Tunduma, ambako siku hizi huuliza karatasi. Ndiyo maana sikumwambia kijana asisome. Tulipiga hesabu nyingine. Ile 3,500 inayobaki, akiweka 1,500 katika kibubu kila siku ya kazi, kwa siku mia tatu anapata 450,000. Hiyo ni ada ya VETA ya miaka kadhaa kwa mwanafunzi wa kutwa, au robo tatu ya kile chuo cha mjini bila kukopa hata ndururu. Haba na haba hujaza kibaba. Wakati kibaba kinajaa, yeye anafuatilia urasimishaji, na mibuni ya mama inabaki kuwa mibuni ya mama.

Neno langu kwa wenye vyuo: wengi wenu mnafanya kazi kubwa ambayo Serikali peke yake haiwezi. Ubandikeni ubao wa bei mlangoni, bei ya mkupuo na ya awamu, kama mwenye duka anavyobandika bei ya sukari. Na jambo la kuzuia vyeti tulitazame upya. Fundi aliyenyimwa cheti hawezi kupata kazi, na asiye na kazi hawezi kulipa deni. Kumzuilia karatasi ni kumfunga miguu mtu unayemtaka akimbie.

Neno langu kwa halmashauri zetu: maofisa maendeleo ya jamii waende penye vibanda vya mabati kando ya barabara. Kijana anayesimama miguu saa kumi na mbili kwa siku hatakuja ofisini kusoma tangazo lililobandikwa ndani ya korido. Naye kinyozi hajinyoi. Ni lazima awepo mwingine wa kumtazama kisogo.

Utingo akapiga honi. Kijana akanipangusa shingo kwa taulo, akakataa fedha yangu, nami nikamlazimisha apokee, kwani mtu anayetafuta ada hanyoi bure. Tuliachana pale, yeye akiwa na mkataba mkono mmoja na tiketi yangu mkono mwingine.

Jumanne iliyofuata nilipata ujumbe wake: "Mzee, shikamoo. Mama hakuweka dole. Alikwenda na mjomba kuuliza yale maswali saba. Walijibiwa matatu. Kesho nakwenda Mbeya kuulizia VETA."

Sijui atajibiwa nini huko, na nafasi ni chache kama nilivyosema. Nikipata habari zake nitawaletea. Kwa leo naomba wewe unayesikiliza, au unayesoma gazeti hili ukiwa umekaa katika kiti cha kinyozi, umuulize swali moja anapokufunga kile kitambaa shingoni: mwanangu, ulijifunzia wapi, na bado unadaiwa? Huenda nawe ukawa na la kumshauri.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa, kwaherini.